Dawa ya Dafroza

Kama damu yako ya mwezi ilishakatika, ukakaa mwaka, ukakaa miwili, kisha siku moja ukaiona tena, usicheke. Mimi nilicheka. Nilicheka peke yangu chooni kama mwehu, nikasema, "Mwajuma, kumbe bado umo!" Ningejua ninachokichekea ningekaa chini palepale nikalia.

Mimi ni mtu wa Ujiji, muuza mawese soko la Mwanga. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo mambo ya kitaalamu usiyatafute hapa, yana wenyewe. Nitakwambia niliyoyaona na jinsi nilivyoogopa. Na wewe unayesoma kwa hofu, tulia kwanza: mimi nimepona, na chai yangu iko jikoni inachemka.

Damu ilikatika nikiwa na miaka hamsini na moja. Nilishukuru. Mwanamke wa Kiislamu anajua raha ya kufunga Ramadhani nzima bila kudaiwa siku hata moja. Ila raha ile ilikuja na mwenzake, na mwenzake ni moto. Unaanzia kifuani, unapanda shingoni, unafika usoni, na ukifika huko umeshalowa. Kiangazi kikavu, vumbi tupu, wateja wananiuliza, "Mama Asha, umenyeshewa wapi?" Nikawa mkali. Siku moja nilimfukuza mteja wangu wa miaka mingi kwa sababu alishika chupa vibaya wakati namimina. Baba Asha, mume wangu, fundi wa injini za mashua, mtu wa maneno machache, alihamia kwenye mkeka akasema kitanda changu kina jua.

Sasa nikujulishe Dafroza. Hii ilikuwa miaka ile mashua zilipokuwa zikishusha watu kijijini Kagunga kila kukicha, watu wanaotoka Burundi na godoro moja kwa familia nzima. Wengi walipelekwa makambini. Dafroza alikuwa na shangazi yake mtaa wa Gungu, wa ukoo uliohamia huku zamani sana, shangazi akamhangaikia kibali, akabaki mjini. Alikuja sokoni na kikapu cha maharage, hana pa kukiweka. Nikasogeza madumu yangu, nikampa kona ya meza. Toka siku ile tulikula sahani moja kila mchana kwa miaka minne. Yeye ana arobaini na kitu, akaniita dada, nami nikamwita mdogo wangu.

Hapa kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Dafroza hakuwa na jina la namna hiyo. Alikuwa Dafroza tu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, wala sokoni hakuna aliyemuuliza. Mkimbizi haulizwi alichokiacha njiani. Akitaka kusema atasema, asipotaka unampisha na kimya chake. Tulilelewa hivyo, na mpaka leo naona ni adabu nzuri, lakini adabu hiyo nusura inipeleke kaburini.

Ilikuwa mwanzo wa mvua. Moto ulinipata nikiwa na mteja, nikaacha dumu, nikakaa chini, nikaanza kujipepea na kifuniko cha sufuria. Dafroza alinitazama sana. Kisha akafungua fundo la kanga yake, akatoa karatasi ya vidonge vidogo.

"Mimi nilikuwa hivyohivyo, dada," akasema. "Kabla ya hivi."

"Moto huuhuu? Wewe, umri wako huo?"

"Huuhuu. Sasa naoga mara moja kwa siku kama watu."

"Na umekaa nao kimya, unaniangalia naungua?"

Akasita. Nakumbuka vizuri kusita kwake. "Daktari aliniambia ni vyangu. Nisimpe mtu."

"Na chumvi tunayochovya pamoja ni ya nani? Yako au yangu?"

Akainama. Mtu uliyempa kona ya meza, umemkatia ugali karibu miaka mitatu, atakunyima nini? Sikumwomba kama rafiki, nilimwomba kama mdai. Akanikatia vidonge sita. Nilipoviona vinafanya kazi, tukawa tunanunua paketi mbili kwa cheti chake kimoja.

Wallahi, vilifanya kazi. Wiki ya tatu moto ulizimika. Nikalala, nikanenepa kidogo, nikaanza kuimba nikikamua nguo. Baba Asha akarudi kitandani. Sikumwambia siri, nikamwacha aamini ni dua zake. Nilimeza kila asubuhi na chai, mvua zikaisha, kiangazi kikapita, mvua nyingine zikaanza. Ukihesabu ni miezi kumi na minne.

Ramadhani ya mwaka uliofuata, kumi la kwanza, ndipo nilipocheka chooni.

Nilidhani hedhi imerudi. Nilijiona msichana. Nikala mchana kwa kujificha kama nilivyokuwa nikijificha zamani, nikaacha kuswali, nikahesabu siku nitakazolipa. Asha, binti yangu mkubwa, alikuja na wanawe kufuturu, akaniona nimekaa wakati wa Magharibi wenzangu wakipanga safu.

"Mama! Usiniambie!"

"Nisikwambie nini? Kila mtu na baraka zake."

Tulicheka mpaka uji ukamwagika. Nikamwambia na Dafroza, kwa majigambo, kwamba dawa yake imenirudisha usichana. Yeye hakucheka. Alisema, "Mimi haikunirudisha, dada," akageukia maharage yake.

Damu ikakaa siku saba. Ikakaa siku kumi. Ikakoma siku mbili, ikarudi ikiwa nzito, na madonge. Kumi la mwisho lote niko nayo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nikajiambia nimeshazaa watatu, methali hiyo hainihusu. Nikaficha. Nilikuwa nabeba kanga tatu sokoni.

Aliyeniokoa ni Bi Rukia, mwalimu wa darasa letu la akina mama pale msikitini. Iddi ilipopita nilimfuata kumuuliza namna ya kulipa siku zangu, maana zilikuwa nyingi hata hesabu inanipotea. Bi Rukia haoni haya. Aliniuliza ilianza lini, rangi gani, ilikatika miaka mingapi kabla. Mambo ambayo mume wangu hajawahi kuniuliza. Nikamjibu huku nimeinamisha kichwa.

"Mwajuma, hii si hedhi," akasema. "Hii ni damu ya ugonjwa. Ulitakiwa kuswali na kufunga kama watu. Mwenyezi Mungu atakusamehe ya kutojua. Lakini hospitali utakwenda kesho, na usipokwenda nitakuja kukutoa kwa mkono wangu."

Mpaka dakika ile neno ugonjwa halikuwa limenipitia kichwani hata mara moja.

Hospitali kubwa ina benchi refu la mbao ukutani, nje ya chumba cha magonjwa ya kina mama. Nalijua benchi lile kuliko kitanda changu. Siku ya kwanza nilikaa kati ya wasichana wenye mimba, matumbo yao yamewatangulia, wananiamkia "Shikamoo bibi" na kunisogezea nafasi. Mmoja akaniuliza kama nimemsindikiza mkwe. Nikasema ndiyo. Uongo ulinitoka wenyewe.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa Asha, ana sauti ya chini. Alinipima presha, akaminya miguu, akaminya matiti, akanipitisha kwenye altrasaundi. Alikuwa anaongea vizuri, mara akanyamaza, akabaki anaangalia kioo. Wewe unayengoja kipimo, utakijua kimya hicho. Kinakuingia mpaka kwenye mifupa.

"Mama, unatumia dawa yoyote?"

"Situmii."

"Hata ya kienyeji? Hata ya kupewa?"

Nikasema situmii. Mara ya tatu akaniuliza akiwa ameniangalia machoni, nikavunjika. Nikamwambia ziko za mwenzangu, za kuzima joto. Akaweka kalamu chini. Akataka kuona paketi, na akataka kujua huyo mwenzangu alipewa na nani na kwa sababu gani. Kisha akaniambia ngozi ya ndani ya mji wa mimba imenenepa kupita kiasi, na kwa mtu wa umri wangu ni lazima wachukue kinyama wakakipime.

"Unatafuta kansa," nikasema.

"Natafuta kujua," akasema. Hakusema hapana.

Nitakwambia ukweli kuhusu kuchukuliwa kinyama, maana mimi hakuna aliyeniambia. Kunauma, ni maumivu kama ya uchungu wa mwanzo wa kuzaa, lakini ni ya muda mfupi. Kinachouma zaidi ni kulala pale na uzee wako umeachwa wazi. Nesi mmoja mnene, jina lake sikulijua, alinishika mkono akaniambia nimtajie wajukuu zangu wote, mmoja baada ya mwingine, na tabia zao. Nilipofika wa tano kazi ilikuwa imekwisha. Kinyama changu kilitiwa kwenye kichupa, nikaambiwa kitasafiri kwa treni, maana hapa kwetu wakati ule hakuna mtu wa kukisoma. Majibu ni mwezi, pengine miwili.

Kutoka pale sikurudi Ujiji. Nilikwenda moja kwa moja Gungu kwa shangazi yake Dafroza, kwa miguu, na kila hatua hofu yangu ilikuwa inageuka hasira. Hasira ina nafuu, unapata mtu wa kumlaumu. Nilimkuta uani anapeta maharage.

"Umenipa sumu!" Sikubisha hodi, sikusalimu. "Nimekukaribisha, nimekulisha, na wewe umenilisha sumu!"

Ungo ukamtoka mkononi. "Mana yanje, Mungu wangu! Dada, kumetokea nini?"

"Kizazi changu kinaoza, ndicho kilichotokea! Na wewe unajua nini habari za kizazi? Umezaa wapi wewe?"

Nilimwambia hivyo mbele ya shangazi yake na majirani. Shangazi alifunika mdomo kwa kanga. Dafroza aliingia ndani, akatoka amevaa viatu, na bahasha kuukuu mkononi.

"Twende kwa daktari wako," akasema.

Tulikwenda, yeye mbele, mimi nyuma. Tulimkuta daktari anafunga mlango, akaufungua tena. Dafroza hakungoja kuulizwa. Alitoa cheti kwenye bahasha, akakinyoosha mezani kwa viganja viwili.

"Nilijifungua njiani, tukikimbia," akasema. "Uchungu wa siku tatu. Mtoto alitoka amekufa. Nilipofikishwa hospitali nilikuwa nimeoza ndani. Walinitoa kizazi na mayai yake yote. Baadaye nikaanza kuungua moto, wakanipa hivi. Waliniambia nisimpe mtu. Hawakuniambia kwa nini, na mimi sikuuliza. Dada alipoomba nilishindwa kumnyima."

Daktari alikisoma cheti, akakirudia. Kisha akatueleza taratibu, kwa maneno hata mimi niliyaelewa. Dawa ile si sumu. Kwa Dafroza ni haki yake kabisa. Lakini dawa ile huotesha ngozi ndani ya mji wa mimba kama mvua inavyootesha majani, na mwanamke mwenye mji wake hupewa pamoja na dawa ya pili ya kuyazuia. Dafroza alipewa moja kwa sababu hana pa kuotea. Mimi nilikuwa napo, na kwa miezi kumi na minne nilikuwa nikinyeshea.

Nikamwangalia Dafroza. Miaka minne, sahani moja, na sikujua. Tulipotoka nje alisema, "Mungu akuponye, dada," akashika njia ya Gungu peke yake.

Sasa kikaanza kipindi kibaya kuliko vyote, kipindi cha kungoja. Kwetu miezi tunaihesabu kwa dagaa. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawatoki, giza likirudi taa zinajaa ziwani na soko linafurika. Niliambiwa majibu giza lijalo. Giza likaja, nikakaa benchi, nikaambiwa bado. Mbalamwezi ikapita. Giza la pili likaja. Bado.

Nilikuwa naogopa namna ambayo sikujua mtu mzima anaweza kuogopa. Nilikuwa nakoroga uji, nawaza nani ataukoroga. Nikisikia treni inapiga honi, nadhani kichupa changu kimerudi na hukumu. Nikawa najipapasa tumbo mbele ya watu. Nikakonda, na kila aliyeniambia nimekonda nilimchukia. Nikaanza kugawa kanga zangu. Asha alipokuta nimemfungia doti sita kwenye mfuko alizitupa sakafuni zote.

"Mama, ukifa nitazichukua mwenyewe! Kabla ya hapo zivae!"

"Usipige kelele, baba yako atasikia."

"Asikie! Humu ndani kila mtu ananong'ona kama tayari kuna maiti!"

Akakaa juu ya zile kanga akalia kwa sauti. Na mimi nikalia. Ilikuwa mara ya kwanza tunalia pamoja, na ajabu yake mchana ule nilikula ugali nikaumaliza.

Baba Asha ndiye aliyenitia uchungu zaidi. Alikuwa anaondoka asubuhi kwenda kwenye injini zake hata siku zisizo na kazi. Niliona ananikimbia. Dada yake alikuwa ameanza kusema kwamba damu ya uzeeni ina mwenyewe, kuna mtu amenifunga, nipelekwe kwa mtaalamu wa mizizi. Nikadhani naye anaamini. Siku moja nilimzuia mlangoni nikamwambia kama amechoka aseme. Akavua kofia, akaigeuzageuza.

"Ulimeza dawa mwaka mzima hukuniambia," akasema. "Hilo linaniuma. Lakini siyo hilo. Naogopa, Mwajuma. Nikikaa hapa nakutazama naona naanza kukuzika. Kule kwenye injini angalau najua cha kufungua na cha kufunga."

Nikamwambia mimi pia naogopa, tuogope wote basi. Kuanzia hapo akawa anakuja benchini na mimi. Hasemi neno. Anakaa mwisho kabisa, mwanamume peke yake kati ya wajawazito, macho kwenye vidole vya miguu yake. Wasichana wakawa wanamwita babu wa foleni.

Sokoni kona ya Dafroza ilikuwa wazi. Hakurudi tangu siku ile. Watu waliniuliza, nikasema hata sijui. Niliacha ile kona tupu, sikuweka dumu hata moja, lakini kwenda Gungu sikwenda. Niliogopa kansa na niliogopa macho ya Dafroza, na sikuweza kujua hofu ipi ilininyima usingizi zaidi.

Majibu yalikuja mwanzo wa masika, baada ya giza la tatu. Daktari alinikaribisha kiti kabla sijafunga mlango, nikajua nimekwisha. Nikaanza kusoma shahada kimoyomoyo.

"Si kansa," akasema haraka, nadhani aliona midomo yangu. "Mama, nisikilize. Si kansa. Lakini ilikuwa kwenye njia ya kwenda huko. Ungekaa nayo mwaka mwingine, nisingependa kusema."

Nikapewa vidonge vingine, vile vya pili ambavyo sikuwa navyo, nimeze kwa miezi sita kisha achukue kinyama tena. Vikishindwa, nitatolewa kizazi. Alinieleza pia, maana niliuliza, kwamba wako wanawake wa umri wangu wanaotumia dawa za moto bila madhara: wamepimwa, wamepewa zile zinazowafaa wao, wanafuatiliwa, na wenye uvimbe wa titi au damu ya kuganda miguuni huzuiwa kabisa. Usinisikilize mimi ukaitupa dawa yako uliyoandikiwa wewe. Nenda umuulize aliyeiandika.

Nje nilimwambia Baba Asha maneno mawili, "Si kansa." Akasimama, akakaa, akasimama tena. Akaenda nyuma ya jengo, na aliporudi uso ulikuwa umelowa, akasema alikwenda kunawa.

Siku ileile nilikwenda Gungu. Mvua ilikuwa inanyesha. Shangazi alinifungulia, hakunikaribisha wala hakunifukuza. Dafroza alikuwa amelala, kaniki mgongoni imelowa jasho, mashavu yameingia ndani. Nilimjua kwa ule moto. Niliujua kuliko mtu yeyote Kigoma nzima.

"Umeacha dawa," nikasema.

"Nilizitupa chooni. Siku ileile."

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Ningemezaje kitu kilichotaka kukuua?"

Nikapiga magoti pale kwenye maji yanayovuja. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na minne ambaye sijawahi kumwomba radhi hata mama mkwe. Nikamwambia yale niliyosema uani yamekuwa yakinila kuliko ugonjwa. Nikamwambia si kansa. Nikamwambia hata ingekuwa kansa, nisingekuwa na haki ya kulitamka lile neno.

Nilidhani ataniambia niondoke, na ningeondoka.

"Mtoto alikuwa wa kike," akasema mwishowe. "Nilimwita Kaneza. Hakuna mtu huku anayejua."

"Mama Kaneza," nikasema.

Akageukia ukuta. Mabega yalitikisika muda mrefu, nikakaa naye mpaka mvua ikakata. Alikubali kurudi hospitali, lakini si kesho wala keshokutwa. Alisema hawezi kulisema jambo lile tena mbele ya watu. Nikamwacha. Nilimpelekea mawese na uji, nikamwita kwa jina lake jipya, naye polepole akarudi kwenye kona yake sokoni akiwa anaungua na kujipepea. Nami nikaungua upande wangu, maana dawa ya moto sikuwa nayo tena. Wateja walikuwa wanatucheka, wanawake wawili wanapepeana kwa vifuniko vya sufuria.

Vidonge vyangu vya miezi sita niliviheshimu kuliko daku. Masika yakaisha, kiangazi kikaingia, majani ya milima yakaungua. Kinyama cha pili kikachukuliwa, kikapanda treni, na hofu ikarudi nayo nyumbani, ikakaa mahali pake pale pale. Usiamini mtu anayekwambia mara ya pili huogopi. Safari hii nilikuwa nimekwisha kuonja kupona, na nilikuwa na kingi zaidi cha kupoteza.

Siku ya majibu Mama Kaneza alisema, "Nitakusindikiza. Na nitaingia na mimi." Tulifika kabla benchi halijajaa, tukapata namba ya kwanza na ya pili. Baba Asha alikaa mahali pake mwishoni. Nilikuwa nikimwomba Mungu mlango ufunguke na nikimwomba usifunguke.

Nesi mnene akatoka na daftari. Ana sauti ya sokoni yule mama, anaandikisha watu palepale benchini.

"Wewe mama, tatizo?"

"Naungua moto," akasema Dafroza.

"Umewahi kufanyiwa upasuaji?"

Benchi zima, matumbo na macho, lilitugeukia. Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia nesi ashushe sauti, waulizane ndani. Dafroza alinyoosha mgongo.

"Nilitolewa kizazi," akasema, wazi, hata wa mwisho akasikia. "Ndiyo maana mimi dawa yangu ni moja. Dada yangu huyu nilimgawia naye ana kizazi chake, nusura afe. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia."

Nesi akaacha kuandika. Hakuna aliyecheka. Kisha mwanamke mmoja wa makamo, aliyekaa nafasi ya saba au ya nane, mtu wa vijiji vya juu kwa kile Kiha chake, akaanza kuhangaika na kanga yake. Akafungua fundo. Akatoa karatasi ya vidonge vidogo, vimebaki vinne.

"Hivi nilipewa na wifi yangu," akasema. "Na damu imerudi tangu juzi. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mguu."

Tukatazamana, mimi na Mama Kaneza. Mlango ulifunguliwa, daktari akaita namba moja, namba yangu. Nikasimama, nikamfuata yule mama, nikamwinua kwa kiwiko nikamwingiza ndani. Mama Kaneza akampa na namba yake, ili asiharakishwe. Waliotufuata wakapita, na waliowafuata wakapita, na sisi tukahamia mwisho wa benchi kwa Baba Asha, ambaye alisogea bila kuuliza.

Majibu yangu niliyapata saa nane mchana, mtu wa mwisho. Yalikuwa safi.